Taa ya injini inaishutumu sensa ya oksijeni: ipime kabla hujainunua

Skana, yaani mashine ya kusoma makosa ya injini, ikitoa namba ya kosa kama P0130, P0133, P0171 au P0420, mafundi wengi wana jibu moja tu: "Oksijeni sensa imekufa, kalete nyingine." Mwenye gari anaingia Kariakoo, anatoa hela, sensa inafungwa, taa inafutwa. Wiki inayofuata taa iko palepale kwenye dashibodi na gari linakunywa mafuta kama kawaida. Sasa fundi anasema sensa iliyoletwa ni feki. Inawezekana kweli ni feki, maana feki zipo. Lakini mara nyingi hata ile ya zamani ilikuwa nzima.

Sensa hii ni shahidi. Inaeleza kilichotoka ndani ya silinda, basi. Swali la kwanza la fundi liwe: je, inasema kweli? Ikiwa inasema kweli, ukiibadilisha umemfukuza shahidi na mwizi umemwacha ndani. Maelekezo haya ni ya kutenganisha hali hizo mbili, hasa kwenye magari ya petroli ya Kijapani tunayoendesha wengi wetu: Vitz, IST, Raum, Spacio, Premio na jamaa zao.

Inapima nini

Ndani ya ncha yake kuna kauri ya zirkonia. Upande mmoja unaguswa na moshi wa ekzosi, upande wa pili unaguswa na hewa ya nje. Tofauti ya oksijeni kati ya pande hizo inazalisha umeme mdogo. Mafuta yakizidi, oksijeni ndani ya moshi inakuwa kidogo na sensa inatoa karibu volti 0.9. Hewa ikizidi, inashuka hadi karibu 0.1. Mpaka uko kwenye 0.45, pale ambapo gramu moja ya petroli imekutana na gramu 14.7 za hewa. Kompyuta ya gari inasoma umeme huo, inaongeza au kupunguza mafuta, inasoma tena, na mchezo huo hauishi. Ndiyo maana sensa nzima ya aina hii haitulii: inapanda na kushuka muda wote injini ikiwa ya moto.

Haifanyi kazi ikiwa baridi. Inahitaji kuvuka kama nyuzi 300 za Selsiasi, kwa hiyo ndani yake kumewekwa hita. Na ile hewa ya nje, kwenye sensa nyingi, inaingia kwa kupenya katikati ya nyaya zake zenyewe. Wengi hawalijui hili, wanajaza grisi kwenye soketi au wanaunga nyaya kwa risasi ya kuchomelea, halafu wanashangaa sensa mpya inatoa majibu ya ajabu.

Gari la silinda nne kwa kawaida lina sensa mbili. Ya kwanza iko kabla ya masega (kichujio cha moshi kilicho kwenye bomba la ekzosi), karibu na injini, na ndiyo inayoamua mafuta. Ya pili iko baada ya masega, na kazi yake kubwa ni kuyachunguza masega kama bado yanasafisha moshi. Ukiambiwa "sensa imekufa", uliza ipi. Fundi akishindwa kujibu, bado hajapima. Kwenye injini ya V6 zinaongezeka, kwa sababu kila upande una zake, na upande wa kwanza ni ule wenye silinda namba moja.

Kusoma makosa bila kudanganyika

Toyota nyingi za miaka ya mwanzo ya 2000 zilizotengenezwa kwa soko la Japani haziongei na vile viskana vidogo vya bluutuuthi vya bei rahisi. Ukichomeka na programu ikagoma kuunganika, usihitimishe kwamba kompyuta imekufa. Tafuta gereji yenye mashine inayoijua Toyota, au tumia njia ya zamani: swichi ikiwa imezimwa, unganisha kwa waya mfupi tundu namba 13 na namba 4 kwenye soketi ya kupimia iliyo chini ya usukani, kisha washa swichi bila kuwasha injini. Kwa gari linalokubali njia hii, taa ya injini itapepesa. Mipepeso miwili, pumziko, halafu mmoja, ni 21, sensa ya kwanza ya oksijeni. Kosa namba 25 linamaanisha hewa imezidi, 26 mafuta yamezidi, 27 sensa ya pili. Hesabu matundu mara mbili kabla ya kuchomeka waya, kwa sababu namba 16 ina umeme wa betri moja kwa moja na hapo hakuna mzaha.

Soma makosa yote, yaandike, ndipo ufute. Kosa moja peke yake lina maana tofauti na kosa lilelile likiwa na wenzake. P0171 (hewa imezidi) ikiambatana na P0300 au P0302 (silinda haichomi sawasawa), usiwaze oksijeni hata kidogo. Gari linamisi. Silinda ikishindwa kuchoma, hewa yake yote inapita mbichi hadi kwenye ekzosi, sensa inaona oksijeni nyingi na kuripoti kwamba mafuta ni machache. Haijasema uongo. Kompyuta inaongeza mafuta, plagi zinazidi kulowa, hali inazidi kuwa mbaya. Kumbe tatizo ni koili moja ya plagi.

Makosa ya hita: P0135 na P0141

Hapa ndipo sensa inashikwa kweli na hatia mara nyingi zaidi, na kupima ni rahisi. P0135 ni hita ya sensa ya kwanza, P0141 ni ya pili. Gari linaweza kuendeshwa bila mtu kuhisi chochote, labda asubuhi tu linakula mafuta kidogo zaidi kwa sababu sensa inachelewa kuamka.

Chomoa soketi. Tafuta nyaya mbili za rangi moja: kwenye sensa za Denso ni nyeusi mbili, kwenye Bosch ni nyeupe mbili. Weka mita ya umeme kwenye omu, pima kati ya hizo mbili upande wa sensa. Sensa ya kawaida ya zirkonia ikiwa baridi inasoma omu 11 hadi 16 hivi kwenye Toyota nyingi. Ile ya uwiano wa hewa na mafuta, nitakayoieleza chini, inasoma ndogo zaidi, kama 2 hadi 3. Mita isiposoma kitu kabisa, hita imekatika: nunua sensa, hakuna cha kujadili. Omu zikiwa sawa, geukia upande wa gari. Waya mmoja unatakiwa kuwa na volti 12 swichi ikiwa imewashwa. Zisipokuwepo, angalia fyuzi na rilei. Zikiwepo, fuata waya wa pili kuelekea kwenye kompyuta, hasa pale unapopita karibu na bomba. Panya wanazipenda nyaya hizi, na pia kibanio chake kikivunjika waya unaangukia kwenye ekzosi na kuungua.

Gari linakunywa mafuta, moshi mweusi, harufu ya petroli

Kuna njia mbili za kufika hapa. Ya kwanza: sensa imekwama chini, inasema "hewa nyingi" wakati si kweli, na kompyuta kwa utiifu wake inamwaga mafuta. Ya pili: sensa inasema "mafuta yamezidi" na ni kweli yamezidi, kompyuta inajaribu kupunguza na inashindwa.

Utazitofautishaje? Kwa skana inayoonyesha data hai, angalia masahihisho ya mafuta. Kwenye skrini yameandikwa STFT kwa ya papo hapo na LTFT kwa ya muda mrefu. Namba chanya maana yake kompyuta inaongeza, hasi inapunguza. Ukijumlisha mbili hizo na kupata chini ya asilimia 10 upande wowote, hakuna ugonjwa wa kukimbizana nao. Moshi mweusi na masahihisho chanya makubwa: kompyuta inadanganywa, na hapo sensa au uvujaji wa ekzosi ndio washukiwa. Moshi mweusi na masahihisho hasi makubwa: sensa inasema kweli, katafute nozeli inayovuja au regulata ya presha ya mafuta iliyopasuka.

Kuna sababu nyingine, ya kwetu kabisa. Magari mengi yametolewa thermostati, ile vali inayozuia maji ya rejeta mpaka injini ipate moto. Injini ilichemka siku moja, fundi akaing'oa, akasema "nchi yetu ina joto, haihitajiki". Injini hiyo sasa haifiki joto lake inapokimbia barabara kuu, kompyuta inaamini bado ni asubuhi, inaendelea kuongeza mafuta. Sensa ya oksijeni inaripoti mafuta mengi, na ikibadilishwa mara tatu itaripoti hivyohivyo mara tatu. Kabla ya kitu chochote angalia joto la maji kwenye skana baada ya safari ya nusu saa. Likiwa linacheza kwenye nyuzi 60 badala ya 80 na zaidi, rudisha thermostati kwanza. Sensa ya joto la maji nayo ikidanganya, matokeo ni yaleyale.

P0171: hewa imezidi, gari halina nguvu, sailensa haitulii

Hili ndilo kosa linalouza sensa nyingi bila sababu. Nitalichambua kwa kirefu.

Angalia masahihisho gari likiwa kwenye sailensa, yaani injini inaunguruma bila kukanyaga mafuta, kisha kanyaga hadi mizunguko 2,500 na uangalie tena. Kama kwenye sailensa yalikuwa +25 na kwenye 2,500 yameshuka hadi +6, kuna hewa inayoingia kwa wizi baada ya throto (mlango wa hewa ya injini): mpira wa vakyumu umepasuka, gasketi ya manifoldi ya kuingizia hewa imekauka, au vali ya PCV, ile inayorudisha mvuke wa ndani ya injini ukachomwe, imekwama wazi. Injini ikiwa kwenye sailensa inavuta hewa kidogo, kwa hiyo tundu dogo linaonekana kubwa. Ikizunguka kwa kasi, tundu lilelile linamezwa. Nyunyizia kabureta klina kidogokidogo kuzunguka gasketi na mipira, mbali na nyaya za plagi na mbali na ekzosi ya moto. Mahali ambapo mlio wa injini unabadilika, hapo ndipo penye tundu. Uwe na kizima moto karibu, kimiminika hicho kinawaka.

Kama ni kinyume, yaani sailensa iko sawa lakini masahihisho yanapanda kadiri unavyokanyaga na gari linachoka kwenye mlima, shida ni mafuta hayafiki. Filta ya mafuta imeziba au pampu imechoka. Sensa ya kupima hewa inayoingia, ile iliyo baada ya eya klina, ikishika uchafu pia inaleta picha hii, kwa sababu inahesabu hewa pungufu. Isafishe kwa dawa yake maalumu, usiiguse kwa kidole wala kitambaa.

Yakiwa juu kwa kiwango kilekile kwenye mizunguko yote, ndipo ekzosi na sensa vinaingia kwenye orodha. Uvujaji kabla ya sensa ya kwanza ni mdanganyifu hodari. Moshi unatoka kwa mapigo, na katikati ya mapigo kunatokea mvuto mdogo unaoingiza hewa ya nje. Sensa inaonja hiyo hewa. Washa gari asubuhi likiwa baridi kabisa, sikiliza mlio wa tik-tik-tik kwenye manifoldi, tafuta mistari myeusi ya masizi kwenye gasketi na kwenye maungio. Msaidizi akiziba mdomo wa ekzosi kwa kitambaa kinene kwa sekunde chache, mlio wa uvujaji utajitokeza wazi. Magari yaliyokatwa masega na kuchomelewa bomba tupu yana matundu madogo kwenye mshono, tena mara nyingi upande wa juu usioonekana.

Kuipima sensa yenyewe

Umefika hapa kwa sababu hayo mengine umeyaondoa. Sasa ndiyo zamu yake.

Injini iwe imepata moto, zungusha kwa 2,500 kwa dakika mbili. Kwenye sensa ya Denso ya nyaya nne, ishara inatoka kwenye waya wa buluu, na mweupe ni wa kurudishia. Kwenye Bosch ni mweusi na wa kijivu. Hizi ni rangi za nyaya za sensa. Upande wa gari unaweza kuwa na rangi tofauti kabisa. Ingiza pini nyembamba nyuma ya soketi bila kuichomoa na bila kutoboa ganda la waya, weka mita kwenye volti za DC, acha injini kwenye 2,500.

Sensa nzima utaiona inaruka: 0.2, 0.7, 0.8, 0.3, 0.1, 0.6. Ndani ya sekunde kumi inavuka 0.45 mara nane au zaidi. Ikivuka mara mbili tatu kwa uvivu, imezeeka, na P0133 inaongelea hilo hasa. Ikikaa 0.45 bila kusogea, haijapata moto au imekatika ndani. Ikikaa 0.1 au 0.9, bado usiihukumu, ilazimishe. Nyunyizia kabureta klina kidogo kwenye njia ya hewa: lazima iruke hadi karibu 0.9 papo hapo. Kisha chomoa mpira mmoja wa vakyumu: lazima ianguke hadi 0.1 au 0.2. Ikitii amri zote mbili kwa haraka, sensa hiyo ni nzima, hata skana iseme nini. Ikigoma, au ikisita kama inafikiria, hapo una ushahidi wa kununua mpya.

Huna mita? Kuna jaribio la kienyeji. Chomoa soketi ya sensa ya kwanza na uendeshe kidogo. Kompyuta itaacha kuisikiliza na kutumia hesabu zake za kiwandani. Taa itawaka, hilo tarajia. Gari likichangamka ghafla na moshi mweusi kupungua, sensa ilikuwa inapotosha. Likibaki vilevile, tafuta kwingine. Si kipimo cha kukata kesi, ila kinatosha kukuzuia usitoe hela haraka.

Sensa isiyorukaruka

Toyota nyingi mpya kidogo hazina zirkonia ya kawaida mbele ya masega. Zina sensa ya uwiano wa hewa na mafuta. Kwa macho zinafanana, hata nati zake ni spana 22 zote. Lakini hii inatulia karibu volti 3.3 mambo yakiwa sawa, inapanda hewa ikizidi na inashuka mafuta yakizidi, kinyume kabisa na ile ya kwanza. Fundi aliyezoea ya zamani akiona haichezi anasema imekufa, akiona 3.8 anasema mafuta mengi, wakati ni hewa. Baadhi ya skana za kawaida zinaionyesha kama 0.66 badala ya 3.3, kwa kuigawa kwa tano. Kwa mita ya kawaida usiisumbue; isome kwa mashine inayoijua Toyota.

Namba ya spea inakusaidia kuzitambua. Ya oksijeni kwa Toyota inaanza na 89465, ya uwiano inaanza na 89467. Muuzaji akikuambia "zote ni moja tu, soketi tunabadilisha", ondoka dukani.

P0420

Hapa shahidi ni sensa ya pili na mshtakiwa ni masega. Masega mazima yanahifadhi na kutumia oksijeni, kwa hiyo sensa ya nyuma inatulia, mara nyingi karibu volti 0.6 hadi 0.7. Ikianza kuruka sawasawa na ya mbele, masega hayafanyi kazi tena, au hayapo. Kwenye gari lililokatwa masega kosa hili litarudi daima, na kununua sensa ya pili ni kutupa pesa. Habari njema kwa mfuko: P0420 peke yake hailifanyi gari linywe mafuta. Ila tafuta kilichoyaua masega, kwa kawaida ni kumisi kwa muda mrefu au injini inayokula oili, maana hata ukifunga mapya yatafuata njia hiyohiyo.

Ukiivua

Ilegeze injini ikiwa na uvuguvugu, si ya moto wa kuunguza na si baridi kabisa, kwa spana 22 ya kufungua au soketi yenye mwanya wa waya. Kisha itazame ncha. Kijivu au kahawia hafifu ni kawaida. Masizi makavu meusi ni mafuta mengi. Sensa inaweza kupona injini ikitengenezwa. Unga mweupe ni silikoni, mara nyingi imetoka kwenye ile silikoni ya kuzibia iliyopakwa kwa fujo na fundi wa gasketi, au ni maji ya rejeta yanayoingia kwenye silinda, hiyo haiponi. Wekundu wa kutu kwenye ncha unatokana na viongezeo vya petroli vyenye manganizi. Utando mzito wa kahawia wenye mafuta ni oili inayopita kwenye ringi au sili za vali. Kuosha sensa kwa petroli au kuichoma kwa tochi ya gesi hakurudishi kitu kilicholiwa ndani ya kauri.

Na kama imepasuka bila sababu ya wazi, kumbuka madimbwi. Kauri ya moto ikimwagiwa maji baridi inapasuka, na barabara zetu za masika zinajulikana.

Mpya inakuja na grisi yake ya nyuzi za kufungia. Ikiwa haina, paka kidogo kwenye nyuzi tu, isiguse ncha. Kaza kiasi, kama nyutoni mita 40, usiikamue. Usinunue ya mtumba. Hujui ilikunywa nini huko ilikotoka, na sensa zenye hita zinatarajiwa kuishi kama kilomita 160,000 tu zikitunzwa. Ukimaliza futa makosa, au kama huna skana chomoa betri dakika kumi, ili kompyuta isahau masahihisho ya zamani. Endesha siku mbili tatu, kisha urudi usome LTFT. Ikiwa imerudi chini ya 10, kazi imekwisha. Ikiwa imebaki +20, ile uliyoitoa haikuwa na kosa, rudi kwenye mipira ya vakyumu.